Mazungumzo ya Nyumbani: Vidonge vya Wazee Wetu

Nyumba nyingi za Nyamianda zenye mzee zina mfuko mdogo wa plastiki uliotundikwa msumarini au kufichwa chini ya mto. Ndani yake mna vidonge: vya tansio, vya sukari, vya maumivu ya viungo, na pengine vingine vilivyobaki tangu ugonjwa wa mwaka juzi. Kwetu watu huita kidonge chochote "kinini". Jina hilo limetoka katika kwinini, dawa ya malaria, ile ambayo kule Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimeitengeneza kwa maganda ya mti wa sinkona. Basi dawa moja ikazipa jina dawa zote. Hapo ndipo matata yanapoanza, maana kinini cha malaria humezwa siku chache, mtu akapona, akarudi shambani. Kinini cha tansio humezwa leo, na kesho, na mwaka ujao.

Juma hili twataka kuzungumza juu ya wazee wanaoacha dawa walizoandikiwa. Katika nyumba zetu jambo hili huelezwa kwa maneno mawili tu. Ama "mzee amesahau", ama "mzee ni mkaidi". Kijana akisha kusema neno moja kati ya hayo, huona kwamba amekwisha kueleza yote, naye huanza kupaza sauti. Sisi twaona kwamba maneno hayo mawili hayatoshi. Kila mzee huacha dawa kwa namna ya tabia yake mwenyewe, na asiyeijua tabia hiyo hawezi kumsaidia, hata akipaza sauti mpaka wasikie watu wa bandari ya Kalundu.

Tena si jambo dogo. Tansio, yaani shinikizo la damu, haina uchungu. Mganga akipima akakuta 14 juu ya 9 au zaidi (wengine huandika 140 juu ya 90), na akikuta hivyo tena na tena, husema kwamba damu inasukuma mno. Mzee mwenyewe pengine hasikii kitu. Hula ugali wake na ndagala zake, hutembea, hucheka. Lakini mishipa inaumia siku kwa siku, na figo, na moyo, mpaka asubuhi moja mdomo umekwenda upande na mkono haushiki kikombe. Hicho ndicho kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wapata bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, wana ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawajui. Shirika hilohilo lilikuwa limekwisha kusema mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaozifuata dawa zao sawasawa ni nusu tu. Basi tusidhani kwamba aibu hii ni ya Uvira peke yake.

Kabla ya kusema juu ya tabia, yafaa tuseme juu ya fedha, tusije tukawaonea wazee. Wako walioacha dawa kwa sababu mfuko ni mtupu, na hao hawahitaji mashauri ya gazeti, bali msaada wa wana wao. Wako pia waliopoteza vyote. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi hapa Uvira, nani angemlaumu mzee kwa kutokujua mfuko wake wa vinini umekwenda wapi? Hayo twayajua. Lakini ziko nyumba ambamo dawa imenunuliwa, imelipiwa kwa jasho la mtoto afanyaye kazi mbali, nayo inakaa tu mfukoni. Juu ya nyumba hizo twasema leo.

Wale wa zamani waligawanya tabia za watu katika mafungu manne. Galeno, mganga Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba tabia hutokana na maji ya mwilini: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na balghamu. Seminarini mafundisho hayo yalidumu miaka mingi, na twakiri yalitufurahisha, maana kila mmoja alimtafutia mwenzake fungu lake. Siku hizi wataalamu wa nafsi ya mtu wameyaacha maji hayo. Wao husema juu ya mambo matano ambayo kila mtu anayo, huyu zaidi, huyu kidogo: uangalifu, uchangamfu, upole, kupenda mambo mapya, na wasiwasi.

Huko Marekani wataalamu waliwafuata wazee 771, wote wenye umri wa miaka 72 au zaidi, kwa muda wa miaka 6 hivi. Wazee hao walikuwa wakijaribiwa vidonge vya majani ya mti uitwao ginkgo, ili kuona kama vyazuia akili isipotee uzeeni. (Havikuzuia, lakini hilo ni jambo jingine. Tena wengine walikuwa wakimeza vidonge visivyo na dawa yoyote, ili wapate kulinganishwa na wenzao.) Kila miezi 6 vidonge vilivyobaki vilihesabiwa. Aliyemeza chini ya 80 katika kila 100 alihesabiwa kuwa ameacha. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2011. Nini kilichoonekana? Kadiri umri ulivyozidi, na kadiri akili ilivyofifia, dawa ziliachwa zaidi. Hilo kila mtu angalilikisia. Lakini katika yale mambo matano ya tabia, moja tu lilikwenda pamoja na kuacha dawa, nalo ni wasiwasi. Tafiti nyingine zimeona kwamba uangalifu nao husaidia, ingawa si sana. Hesabu hizo si kubwa za kutisha, walakini zatufundisha kitu. Twalidhani kwamba mwenye hofu ya ugonjwa ndiye atakayeshika dawa kwa mikono miwili. Kumbe mara nyingi yeye ndiye anayeiachilia.

Na tukifikiri, twaona ndivyo ilivyo. Tuseme yuko nyanya mwenye wasiwasi. Moyo wake ukipiga kwa nguvu, huona mauti. Jirani akimwambia kwamba fulani alikufa akiwa anameza dawa za tansio, hulala macho wazi. Siku moja aona miguu yake imevimba juu ya vifundo. Hasemi neno. Mjukuu wake arudi kutoka shule na kutazama mfukoni.

"Nyanya, mbona vinini vya jana na juzi vingalipo?"

"Mume wangu mdogo, niache." (Ndivyo nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao.)

"Baba atakasirika, Nyanya."

"Baba yako hajaiona miguu yangu. Dawa ile inanijaza maji. Nikiendelea, nitapasuka."

Jioni baba aja, apewa habari, naye apaza sauti: "Mama, wataka kufa? Fedha zangu zaenda bure!" Nyanya ameza kidonge mbele yake, huku mikono ikitetemeka. Kesho baba akienda kazini, kidonge kimetupwa nyuma ya nyumba. Je, twashangaa? Mtu aliyeacha dawa kwa sababu ya hofu ameongezewa hofu.

Na tusiseme kwamba hofu yake ni upuzi. Iko dawa ya tansio iitwayo amlodipini, ambayo kwa watu wengine kweli huvimbisha vifundo vya miguu. Iko nyingine, kaputopirili, ambayo huleta kikohozi kikavu kisichokwisha. Mganga ayajua hayo, naye aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Lakini atabadilije asipoambiwa? Basi mbele ya nyanya wa namna hii, neno la kwanza liwe swali: "Mama, dawa inakufanyaje?" Kisha yafaa kunyamaza na kusikiliza mpaka amalize, hata kama ameanza na habari za mwaka 1970. Neno la pili liwe safari ya pamoja kwenye kituo cha afya. Aende mtoto mmoja naye, aseme mbele ya mganga yale ambayo mama anaona haya kuyasema.

Wenye wasiwasi ndio pia wanaokamatwa upesi na maneno ya watu. Kuna wanaoambiwa katika vikundi vya maombi kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, na kwamba aliyeombewa sharti avitupe vinini vyake siku ileile. Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Waprotestanti hawakihesabu pamoja na vingine. Someni sura ya 38. Hapo mgonjwa afundishwa kusali, na hapohapo afundishwa kumpa mganga nafasi yake, kwa kuwa dawa zatoka katika ardhi aliyoiumba Mungu. Sala na mganga vimewekwa katika sura moja.

Sasa tuje kwa mzee mkali. Huyu hana hofu hata kidogo. Alivuta nyavu ziwani miaka 40, alivuka dhoruba, naye hapendi kuamriwa na kijana mwenye koti jeupe. Mkimwambia "meza", atasema: "Mimi si mtoto." Watu wa namna hii tunao tangu zamani. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5, twasoma habari za Naamani, jemadari wa Shamu, mwenye ukoma. Nabii Elisha alimtumia neno kwamba aoge mara 7 katika Yordani. Naamani akaona hasira. Alitazamia nabii atoke, asimame, afanye jambo kubwa. Naye akaambiwa akaoge kama mtoto, tena katika mto ambao yeye hakuuona kuwa bora kama mito ya kwao! Alikwisha kugeuza farasi. Ni nani waliomrudisha? Watumishi wake. Walimwendea, wakamwita baba, wakamwuliza kwa utaratibu: kama angaliambiwa jambo gumu, asingalilifanya? Basi si zaidi jambo jepesi? Tutazame vema busara ya watumishi hao. Hawakubishana na ukali wake. Waliutumia. Na Naamani aliposhuka mtoni alijichovya mara 7 kamili, hakutoka kwenye mara ya 5 kwa kuwa amechoka.

Mzee mkali apewe heshima na apewe kazi. Asikabidhiwe mjukuu amlinde, bali akabidhiwe daftari. Mganga amweleze hesabu ya tansio yake, 16 leo, 14 mwezi ujao, naye aandike au aandikishe. Mtu aliyezoea kushindana na pepo za ziwa atapenda kushindana na hesabu hiyo. Tena aulizwe saa gani inamfaa. Dawa imeandikwa "jioni", na jioni ya mvuvi wa ndagala ndiyo saa ya kuwasha taa na kutoka pwani. Kama yungali akienda ziwani na wanawe, mganga na ajue, ili wapatane saa nyingine.

Juu ya mzee mpole hatuna mengi ya kusema. Huyu huitikia "ndiyo, mganga" kwa kila neno, hata asiloelewa, kwa sababu kuuliza huona ni kumchosha mtu mkubwa. Kabla hajatoka chumbani, mtoto wake amwombe arudie kwa kinywa chake mwenyewe: kipi, vingapi, lini. Akikosea hapo, si kitu; mganga yupo.

Lakini mzee mwangalifu je? Huyo twamdhania hana shida. Huamka saa ileile, husali Rozari saa ileile, huweka nguo zake za Jumapili tayari tangu Jumamosi. Walakini hata uangalifu una mtego wake, na mtego huo twauona kanisani. Wazee wetu waliopata Komunyo ya kwanza miaka ya 1950 walifundishwa na makatekista kufunga tangu usiku wa manane. Mpaka mwanzo wa mwaka 1953 hata maji yalivunja mfungo huo. Papa Pio wa 12 aliondoa katazo la maji mwaka 1953. Mwaka 1957 akaweka saa 3 kwa chakula, na kuwaruhusu wagonjwa dawa zao bila kuhesabu saa. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 akapunguza mfungo uwe saa 1. Lakini aliyefundishwa utotoni akashika kwa moyo wote, huenda moyo huo bado unamwambia Jumapili asubuhi kwamba asitie kitu kinywani. Basi kila Jumapili dawa yarukwa, na yarukwa na yule aliye mwangalifu kuliko wote!

Na tuwasomee wazee wetu sheria ilivyo. Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba maji na dawa havivunji mfungo wa Komunyo kamwe. Tena yasema kwamba wazee na wagonjwa, pamoja na wale wanaowatunza, waweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa ile moja. Na mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa kanuni ya 1252, haumbani tena aliyekwisha kutimiza miaka 59. Mwenye ugonjwa wa sukari anayemeza dawa asubuhi kisha akakaa bila kula kwa kutaka kufunga kama ujanani aweza kuanguka, kwa maana ziko dawa zinazoishusha sukari hata asipokula. Anayetaka kufanya toba katika Kwaresima amwulize padri. Ziko toba nyingine nyingi, na kuwavumilia wajukuu ni mojawapo.

Iko sababu nyingine ya Jumapili, ambayo wamama hawaisemi kwa sababu ya haya. Dawa mojawapo ya tansio hupunguza maji mwilini, yaani humkojosha mtu. Ni nani atakayeimeza asubuhi, ikiwa Misa ni ya saa 2 nzima, na choo kiko mbali, na lazima apite mbele ya watu wote? Muuza samaki naye huwaza vivyo hivyo siku ya soko. Huko si kusahau, wala si ukaidi. Ni akili. Ila akili hiyo yapaswa kwenda hadi kwa mganga na kumwuliza: "Siku ya Misa, naweza kuimeza nikirudi?" Mara nyingi saa yaweza kusogezwa. Kuirusha dawa nzima ni jambo jingine.

Wengine watatuambia: kwa nini maneno mengi hivi? Wasimamieni tu wazee wameze mbele ya macho yenu. Ni kweli, njia hiyo imefaa. Huko Tanzania, tangu mwaka 1977, daktari Karel Styblo, mtu wa Chekoslovakia, aliusaidia mpango wa nchi wa kupigana na kifua kikuu, na sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa mgonjwa kumeza dawa huku mhudumu akimtazama. Kutokana na kazi ile Shirika la Afya Duniani lilifundisha ulimwengu wote njia hiyo katika miaka ya 1990. Lakini dawa za kifua kikuu zina mwisho. Leo kwa kawaida ni miezi 6. Tansio na sukari hazina mwezi wa 6. Nani atasimama mbele ya mama yake kila asubuhi kwa miaka 20, kama askari mbele ya gereza? Mlinzi atachoka, na mzee ataona kwamba amekuwa mfungwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Kwa hiyo twawaomba wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wafanye kazi moja Jumamosi hii. Mwombe babu au nyanya ruhusa, maana mfuko ni wake. Akikubali, tandikeni mkeka, mwage vidonge, msome pamoja majina na tarehe za mwisho. Tazameni maandishi ya mganga juu ya vifuko. Mara nyingi ameandika "3x1", yaani mara 3 kwa siku, kimoja kimoja. Katika hesabu za shule 3x1 na 1x3 ni sawa. Tumboni si sawa, na mzee aliyemeza vitatu kwa mara moja aweza kujidhuru. Chukua karatasi, uchore jua linalochomoza kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa dawa ya usiku, na chini yake ubandike ganda la kila dawa, ili asiyejua kusoma atambue. Mwulize mzee ni jambo gani halikosi kulifanya kila siku: Malaika wa Bwana, chai, kulisha kuku. Dawa iwekwe karibu na jambo hilo. Akisahau kidonge cha jana, asimeze viwili leo ili kulipa deni. Na vya jirani, hata kama ni vya ugonjwa uleule, virudi kwa jirani.

Vile visivyojulikana na vile vilivyopita tarehe usivitupe penye kuku wala watoto, wala usimpe mtu avijaribu. Vitie katika kifuko cha peke yake, uandike "kuuliza", na Jumatatu vipelekwe kituo cha afya, pamoja na mzee mwenyewe ikiwa miguu yamruhusu, na pamoja na ile habari ya vifundo vilivyovimba.